Salamu za Idi, na Picha za Mabasi ya Zamani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa wakwe, majirani na marafiki zetu wasiokuwa Waislamu, habari za siku nyingi.

Kwa niaba ya wazee wa ukoo, na kwa niaba yangu mwenyewe, nawatakia nyote Idi el-Fitri njema. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwisho wa mfungo tukiwa wazima. Waliofunga, Mungu awatakabalie. Walioumwa, wanaonyonyesha na waliokuwa safarini, awape afya na wasaa wa kulipa. Mlio mbali, wa Muscat na wa Tandahimba, jueni kwamba hakuna aliyesahauliwa katika dua.

Salamu hizi mlizoea kuzipata kutoka kwa kaka yetu mkubwa. Aliziandika usiku wa kuandama mwezi, kwa herufi kubwa tupu na alama za mshangao tatu tatu, na mistari minne ilimtosha. Mwezi wa Rajabu alitangulia mbele ya haki, mnajua, na wazee wakasema kalamu sasa niishike mimi. Nimeishika. Mtanivumilia, maana mimi sina ufupi wake.

Kumi la mwisho la Ramadhani lote simu yangu ilijaa picha za Dar es Salaam ya zamani. Bila shaka mmezipata na ninyi, maana huzunguka kila zikikaribia sikukuu. Ipo ya Ikarus, lile basi la kumbakumba la UDA, shirika la usafiri wa mjini, lenye mpira katikati, linakata kona na mkia wake bado uko mtaa wa nyuma. Ipo ya sanamu ya Askari na barabara ya Samora, wakati huo ikiitwa Independence Avenue, magari yanahesabika na mtu anavuka bila hata kugeuza shingo. Na ipo ya kituo cha basi: kinamama wa khanga, kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, mzee wa kanzu na koti, mtoto kashika kidole cha mtu ambaye mpiga picha kamkata kichwa. Hiyo nimeitazama kuliko zote, na nitasema kwa nini.

Anayetuma huambatanisha maneno yaleyale. Enzi hizo bwana! Maisha yalikuwa rahisi, watu walikuwa na heshima, kijana akimwona mzee ndani ya basi anasimama mwenyewe. Wa pili anaitikia, wa tatu anaweka kilio, na mpaka jioni ukoo mzima unaililia nauli ya senti.

Mimi nasita kuitikia. Tuulizane taratibu, heshima ipi hasa? Oktoba 1968, palepale stendi ya Kariakoo, vijana walivamia mabasi kuwasaka wasichana waliovaa vimini, wakawadhalilisha mchana kweupe. Mwezi huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969, ya kupiga vita vimini na suruali za kubana. Shangazi zetu waliokuwa wasichana wakati huo wapo, waulizeni kama walipanda basi kwa amani.

Na urahisi upi? UDA ilizaliwa 1974, kampuni ya mabasi ya DMT ilipogawanywa, mabasi ya mjini yakawa UDA na ya mikoani yakawa KAMATA. Mabasi yalikuja, marefu na mazuri, siyakani. Halafu mafuta yakapanda, vita vya Kagera vikaingia, fedha za kigeni zikakauka, na basi likiharibika kitu kidogo tu linaegeshwa karakana mpaka linageuka ghala la vipuri vya wenzake. Watu walitoka Temeke na Magomeni alfajiri kwa miguu kuwahi kazini. Ndipo 1983 Serikali ikakubali magari ya watu binafsi yabebe abiria kwa shilingi tano, zaidi ya nauli ya UDA, na magari yaliyoitwa chai maharage yakaingia barabarani, mnakaa mkitazamana goti kwa goti wala hamjuani. Mwaka huo ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, wa sukari ya mgawo na foleni za sabuni. Wapo humu waliozaliwa mwaka huo na nepi zao zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Sitawataja, wameshakuwa wakubwa wa idara.

Hayo yote kwenye picha hayamo, na hayamo kwa sababu nyepesi kabisa: nani angeunguza filamu kwa kupiga foleni ya sabuni? Filamu ilikuwa ghali, ikatunzwa. Ilitolewa siku ya harusi, siku ya ubatizo kwa jirani, na siku ya Idi pale Mnazi Mmoja, watoto wamepakwa poda mpaka shingoni, wote sare sare maua ya kitambaa cha Urafiki, nyuma yao pazia lililochorwa maua na maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua yako wapi. Leo tukifungua albamu tunaona nguo mpya ukurasa hadi ukurasa, tunadhani tuliishi hivyo mwaka mzima. Tulipiga picha sikukuu, siku za kawaida tukaziacha zijipitie.

Sasa niseme lililonikaa moyoni, halafu nirudi kwenye salamu.

Tulipotaka picha ya marehemu kwa ajili ya tangazo la msiba, ya ujana wake haikupatikana. Tukatumia ile ya kitambulisho cha taifa, ambayo mwenyewe aliichukia na kusema amepigwa akiwa anapiga chafya. Baada ya arobaini nikaifungua albamu ya mama, polepole, mwanzo hadi mwisho. Idi baada ya Idi: mama, baba na balaghashia yake, dada zetu wamepangwa kwa urefu, mimi na bunduki ya plastiki. Yeye hayupo. Hata ile Idi ambayo babu alikuja kutoka shamba na wote tuliambiwa tusibanduke, hayupo.

Alikuwa konda, na konda siku ya sikukuu yuko kazini. Sisi tulipokuwa tunapangwa mbele ya pazia, yeye alikuwa mlangoni mwa basi anawashusha watoto wa wenzake Mnazi Mmoja, anawaambia wasivuke mpaka gari liondoke, kisha huyo, anarudi Buguruni kuchukua wengine. Usiku aliingia kimya, pilau lake limepoa, mfuko wa shati umejaa sarafu. Pesa zetu za sikukuu alituwekea chini ya mto tukiwa tumeshalala. Kulipokucha tulizikuta tukakimbilia dukani. Sikumbuki aliyewahi kumuuliza Idi yake ameila wapi.

Ndiyo maana ile picha ya kituo naikuza kwa vidole kila siku. Mlangoni mwa basi upo mkono umeshika bomba, mkono na nusu ya bega. Unaweza kuwa mkono wa konda yeyote aliyewahi kufanya kazi mjini hapa. Najua. Dada yenu ameniambia niache, na mimi nimemwambia nimeacha.

Tuyaache hayo. Mwaka wenyewe umekuwa mgumu, wala hamhitaji kuambiwa na mimi. Mchele, sukari na mafuta ya kupikia vilianza kupanda Shaabani haijaisha, ada za shule zinatusubiri palepale, na waliokuwa wakifuturisha mtaa mzima mwaka huu walifunga mlango wakafuturu na watoto wao, kwa aibu, kimyakimya. Nauli nayo tumeshaizoea, lakini tusisahau ilivyopanda: safari ya kilomita kumi ya daladala ilikuwa shilingi 400, Mei 2022 ikawa 500, Desemba 2023 ikawa 600. Mtu na mkewe kwenda mjini na kurudi ni 2,400, na hapo hawajaunganisha gari, hawajafika kwenye pembea, mtoto hajaona aiskrimu. Nawajua wazazi walioamua watoto watasherehekea barazani tu. Msiwacheke. Na ninyi wenye magari, mkiwa na nafasi ya watoto wawili nyuma, piteni kwa jirani mkawachukue.

Nimeombwa pia na wazee niwape nasaha, na nasaha zao ni zilezile za kila mwaka, ila mwaka huu naziunga mkono kwa mikono miwili.

Kwanza Zakat el-Fitri. Pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga, nayo itoke kabla ya swala ya Idi. Ikitoka baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Msingoje mpaka imamu yuko kwenye hotuba ndipo mnaulizana nani ana chenji.

La pili ni hawa wanaotuhudumia siku tunayostarehe. Mtume, rehma na amani zimshukie, alituamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Dada wa kazi anayekatakata vitunguu vya pilau lako tangu usiku, mshahara wake wa mwezi umeshampa? Mlinzi wa getini amekula? Nesi wa zamu, mzoa taka, kijana wa bodaboda aliyekuletea kuku, suka na konda waliokupeleka kwa mama yako na kukurudisha salama, hao nao wana mama zao, nao waliuona mwezi uleule. Unampigia konda kelele kwa sababu ya shilingi 100 ya chenji, siku ya Idi, na kanzu yako inanukia udi! Umefunga nini sasa? Njaa umeipata, kiu umeipata, ulimi uliuacha wapi? Ndugu zangu, tusijidanganye. Ibada inaonekana pale mlangoni mwa daladala, jua linawaka, umesukumwa, umekanyagwa kiatu kipya, na unaye mtu mbele yako ambaye huwezi kukutana naye tena mpaka Kiyama. Ukimtolea neno jema hapo, hilo limeandikwa. Ukimtukana, nalo limeandikwa. Mwe!

La tatu ni langu, wazee hawakuniagiza. Mkipiga picha za Idi mwaka huu, na mtapiga nyingi mno, simu hazidai filamu, basi mtazameni asiyekuwamo. Aliyeko jikoni mwiteni atoke na upawa wake hivyohivyo. Anayepiga picha naye apokewe simu asimame. Aliyeko kazini mfuateni kazini. Pigeni na siku zisizo na sikukuu: baba anapiga mswaki, mama anachambua mchele, foleni ya mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi, dukani kwa Mangi mnapokopa unga. Halafu chache kati ya hizo zisafishwe kwenye karatasi, na nyuma muandike kwa kalamu nani ni nani. Katika albamu ya mama yupo mwanamke mwenye gauni la vidoti amembeba dada yetu mkubwa kwa mapenzi makubwa, na hakuna aliye hai anayelijua jina lake.

Sasa ratiba. Idi Mosi kila mtu kwake, na ziara kwa wagonjwa na wazee zifanyike asubuhi, si usiku wanapotaka kulala. Idi Pili tunakutana kwa mama Magomeni kama kawaida. Wanaokuja kwa mwendokasi washuke Mapipa, na wajukuu wanaodhani basi lenye mpira katikati lilianza 2016 wataonyeshwa picha ya Ikarus wakae kimya. Kila nyumba ije na albamu yake. Mchango ni uleule wa mwaka jana. Asiyenacho aje na mikono ya kuosha sufuria, hatutaandika majina ya waliotoa wala ya wasiotoa.

Saa imebadilika, someni vizuri hapa. Tulizoea kuanza baada ya Alasiri. Mwaka huu tunaanza baada ya Isha, kwa sababu kijana wetu wa daladala ya Gongo la Mboto hatoki barabarani kabla ya saa mbili usiku, na tumekubaliana kwamba sahani hazitafunuliwa wala picha ya pamoja haitapigwa mpaka amefika, amenawa na amekaa. Wenye watoto wadogo wawalishe kabla.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu, awaponye wagonjwa wetu, awafungulie riziki wasio na kazi, awape subira waliofiwa, awarehemu wazazi wetu na kaka yetu na wote waliotutangulia, na atukutanishe tena Ramadhani ijayo tukiwa na afya na imani. Mlio mbali, tutawapigia simu usiku huo wa Idi Pili, msizime.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Kullu aam wa antum bikhayr. Idi Mubarak.