Hevi metali ilianzia kiwandani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu historia ya roki nzito na hevi metali. Karibu nusu yake imeliwa na shetani.

Mwandishi wenu anatukumbusha kwamba albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya Uingereza, ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, na kwamba ndani ya jalada mlikuwa na msalaba uliopinduliwa. Yote mawili ni kweli. Ila msalaba ule uliwekwa na kampuni ya santuri bila kuwauliza wanamuziki. Misalaba waliyoivaa wenyewe shingoni ilitengenezwa na baba yake mwimbaji wao Ozzy Osbourne, fundi wa kiwandani. Na jina la bendi walilitoa kwenye filamu ya kutisha, baada ya kuona jinsi watu wanavyopanga foleni na kutoa pesa zao ili watishwe. Hiyo ni biashara, Mhariri, siyo ibada.

Habari yenyewe iko kiwandani, na makala imepita kando yake. Birmingham, walikotoka Black Sabbath, miaka ile ulikuwa mji wa vyuma. Tony Iommi, mpiga gitaa wao wa baadaye, akiwa kijana wa miaka 17, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Akaambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kazi akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono na kuendelea kupiga solo kwa vidole viwili tu. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akachonga vifuniko vya vidole, akavigandishia ngozi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akafunga nyembamba, zikiwemo za banjo. Kufikia albamu ya tatu, ya 1971, alikuwa anazilegeza ili zibanike kwa urahisi. Uzi uliolegezwa hushuka sauti na kuunguruma, na muungurumo huo ndio bendi za metali zinaoutafuta mpaka leo. Mtu akiniuliza uzito wa muziki huu ulitoka wapi, nitaanza na vidole vile.

Bluzi, muziki wa Weusi wa Marekani, nayo mmeipa mstari mmoja, kisha mkauita muziki wote huu "wa Wazungu". Willie Dixon, mtunzi Mweusi wa Chicago, aliishtaki bendi ya Kiingereza ya Led Zeppelin mwaka 1985 kwa sababu wimbo wao mashuhuri wa 1969 ulifanana mno na wimbo aliomtungia mwanabluzi Muddy Waters. Wakamalizana nje ya mahakama, na jina la Dixon likaongezwa kwa watunzi. Wazungu wenyewe wamelikiri deni hilo, sisi tunalifuta kwa nini?

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, mmemtaja kwa kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, kama ilivyo desturi yetu. Sawa. Basi mngeongeza kwamba Metallica, bendi ya metali ya Marekani, walirekodi upya wimbo wa Queen wa 1974 na kupata tuzo ya Grammy mwaka 1991. Hapo angekuwa na sababu ya kuwemo kwenye makala ya metali.

Kinachoniudhi zaidi ni kimya chenu kuhusu Zambia. Miaka ya 70 vijana wa Ukanda wa Shaba, eneo la migodi, walipiga roki ya magitaa yanayokwaruza, ikaitwa Zamrock. WITCH ndiyo bendi iliyovuma zaidi, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Serikali ya Kaunda ilizitaka redio zipige muziki wa nyumbani, na hilo likawafungulia njia. Kisha bei ya shaba ikaanguka, mifuko ya wasikilizaji ikakauka, na UKIMWI ukawamaliza wanamuziki wengi. Jagari akaenda kuchimba vito. Mwaka 2023, akiwa mzee, alitoa albamu mpya kwa jina lile lile la WITCH.

Sehemu ya pili mkiiandika, anzieni huko. Reli ya TAZARA inapita hapa Mbeya hadi Kapiri Mposhi, na kutoka pale Kitwe, mji wa Ukanda wa Shaba, hauko mbali. Nauli haiwezi kufikia hata robo ya tiketi ya Birmingham.

Mpenzi wa roki,
Mbeya