Tanga Haijafa, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mna barua nyingi za maji na umeme ila hii nimeshindwa kunyamaza nayo. Siku hizi kila nikifungua gazeti, na wala sio lenu peke yake, Tanga inaandikwa kama mji uliokufa zamani ambao ndo unasubiri kufufuliwa, mara bandari, mara bomba la mafuta, mara viwanda. Mi naishi Dodoma miaka mingi sasa, kazi ndo imenileta, lakini nimezaliwa na kukulia Ngamiani, mtaa wa huko huko Tanga, na kila nikisoma hizo habari najiuliza huo msiba ulikuwa lini maana tulikuwepo na hatukuusikia.

Sikatai kwamba uchumi ulianguka. Nani atakataa? Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 ikasafirishwa kutoka Florida ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndo ikazaa mashamba yote yale ya Muheza na Korogwe na Pangani, mpaka mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 230,000 na dunia nzima inajua kamba za Tanganyika. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufika miaka ya 90 korona nyingi, yaani mitambo ya kusindika mkonge, zilikuwa zimenyamaza na mkonge umeota na majani. Kiwanda cha mbolea nacho kikafungwa. Haya yote ni kweli na yaliumiza watu, babu yangu mwenyewe alitoka Kigoma kama manamba, kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, mkataba ukaisha, wenzake wengine wakarudi yeye akabaki akaoa huko huko. Ndo maana mi kwa ukoo ni Muha lakini Kiha sikijui, najua Kidigo cha kununulia samaki basi. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, muulizeni babu aliondoka lini.

Lakini kiwanda kufungwa ni kitu kimoja na mji kufa ni kitu kingine.

Ngoja niwaambie kilichokuwepo. Ngamiani barabara zina namba, huna haja ya kuelekezwa kwa mti wala kwa duka la fulani, ukiambiwa barabara ya 8 unahesabu mwenyewe unafika, na ukikosea nyumba utakaribishwa chai hiyo hiyo uliyokosea. Mji umelala tambarare kwa hiyo kila mtu ana baiskeli. Na nikisema kila mtu namaanisha hata mama zetu, mwanamke amevaa buibui lake, kapu la soko mbele, mtoto nyuma, anakata kona huku anasalimia baraza nzima bila kushuka, miji mingine nilikoishi ukisimulia hivi wanadhani unatania. Asubuhi saa moja ukikaa pale kwenye reli inayotenganisha Ngamiani na mjini ulikuwa unasikia kengele za baiskeli kuliko honi za magari. Sasa hivi bodaboda na bajaji zimejaa nasikia, sawa, watu wanatafuta riziki.

Mpira je? Nyumba moja baba Coastal Union, mjomba African Sports, siku wakikutana Mkwakwani chakula cha mchana kinaliwa kimya kimya. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mjini hapakulalika, mzee wetu mmoja wa barabara ya jirani, Sports wa kutupwa, alifunga mlango na taa akazima akasema anaumwa. Huo ndo mji uliokuwa unakufa kwa mahesabu ya wachumi, mji mmoja wa mikoani una timu mbili zinazowasumbua Simba na Yanga.

Na muziki sijagusa. Atomic Jazz ya Tanga, Jamhuri Jazz ya Tanga, upande wa taarabu Black Star na Lucky Star, bi Shakila alikuwa anaimba hapo hapo kwetu. Mi sikuziwahi zikiwa kwenye ubora wake, nilizikuta kwenye redio na kwenye mazungumzo ya wazazi, mama alikuwa anaweza kuacha wali ukaungua ikipigwa taarabu ya zamani, halafu anatulaumu sisi.

Ila kinachonikosesha usingizi huku Dodoma ni bahari. Hapa upepo upo tena mwingi, lakini ni upepo wa vumbi, mkavu, hauna harufu ya chumvi. Jumapili tulikuwa tunashuka Raskazone kwa miguu kupitia Bombo, tunapita karibu na ile hospitali ya zamani ya Mjerumani inayoangalia bahari, tunaogelea mpaka vidole vinakunjamana, kwa mbali unaona kisiwa cha Toten kimekaa katikati ya ghuba na dau linapita taratibu. Maji yakitoka unatembea mchangani mbali kweli, watoto wanaokota kombe, akina mama wanatafuta pweza. Jioni ni mihogo ya kuchoma na pilipili ya ndimu, au kachori, unakula umekaa ukutani miguu inaning'inia. Hakuna aliyekuwa anatuuliza tiketi wala sisi ni wageni wa nani.

Kuna jambo moja waandishi wetu wangelifuatilia wangenifurahisha sana. Kuna samaki anaitwa silikanti, wataalamu walidhani alitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita wakati mmoja na dinosaria, wakamjua tu kwenye mawe, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini dunia ikashangaa. Basi miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwatoa kwenye jarife zao, sio mmoja, wengi, na mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake kusini mwa mji. Wao walimwandikia taanzia na yeye yuko chini kule Tanga anakula na kulala. Sisemi zaidi.

Sasa nisieleweke vibaya, mi sio wa kupinga maendeleo. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali kule ghubani, mzigo unateremshwa kwenye matishari ndo usogezwe gatini, kazi mara mbili na gharama mara mbili, wateja wakakimbilia Mombasa na Dar. Kina kimechimbwa, gati zimeboreshwa, meli inakuja yenyewe, nani asifurahi? Bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani kwetu Tanga, kilomita 1,443, vijana wetu wakipata ajira humo tutapiga vigelegele. Ninachoomba ni viwili tu na naomba mnisaidie kuuliza kwa sababu gazeti likiuliza linajibiwa, mtu mmoja hajibiwi.

Cha kwanza ufukwe. Mji ukianza kuchangamka kiwanja cha baharini kinapanda bei na kinazungushiwa ukuta, tumeona miji mingine ya pwani mtu anazaliwa mita mia tano kutoka baharini na haioni mpaka anunue soda ya bei mbaya. Waulizeni wanaopanga mji, kipande gani kuanzia Raskazone kwenda Sahare kitabaki cha wananchi, kimeandikwa wapi, kimepimwa?

Cha pili treni ya abiria. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka ule ule 1893 mkonge ulipoingia na ikafika Moshi mwaka 1911, na sisi wadogo tuliipanda na bibi kwenda Korogwe, Muheza unanunua machungwa dirishani unayamaliza kabla hujafika. Treni ya abiria ya Dar kwenda Moshi ilirudishwa mwaka 2019 na inajaa watu. Tanga ndo ilikuwa mwanzo wa hiyo reli na abiria wake bado anapanda basi. Kwa nini? Kama mabehewa hayatoshi tuambiwe, kama njia mbovu tuambiwe inatengenezwa lini.

Na mkituma mwandishi mwambieni asilale hotelini tu na kurudi na press rilisi ya bandari. Aazime baiskeli, aingie Ngamiani saa kumi jioni, akae baraza yoyote aulize Coastal na Sports nani mkubwa. Habari atapata, kuondoka ndo sijui.

Ahsante kwa nafasi.

Mtoto wa Barabara ya 14
Dodoma