Barua kwa vijana mnaochora wanyama na ndege

Vijana wangu, salamu. Mkiulizwa mmejifunzia wapi mnajibu kwa kujidai, mimi sina mwalimu nimejifunza mwenyewe, haya hongera, ila ukikosea nani anakurekebisha?

Wengi mnamtaja Audubon, yule mchoraji maarufu wa ndege wa Marekani. Kweli kazaliwa 1785 kule ambako leo ni Haiti, kakulia Ufaransa, kafika Marekani 1803 ana miaka 18, na kuchora kajifunza zaidi kwa kuhangaika mwenyewe. Lakini angalieni alivyohangaika sasa. Anachukua ndege aliyempiga risasi punde tu, anampitisha nyaya mwilini mpaka akae vile alivyokuwa anamwona porini, nyuma yake anaweka ubao wa miraba na karatasi nayo ina miraba, bawa likizidi kidogo tu anajua hapo hapo kachemka. Ule ubao ndo mwalimu wake, na haumpi mtu sifa za bure. Kila ndege kwa ukubwa wake halisi, hadi flamingo, ikabidi amwinamishe shingo aenee kwenye karatasi ya karibu mita moja!

Halafu huyo "mwenyewe" alikuwa na watu nyuma yake bwana. Biashara ilimfia 1819 akafungwa kwa madeni, mkewe Lucy akawa anafundisha watoto wa watu ili familia iishi. Mimea kwenye picha zake kadhaa kachora Joseph Mason, aliyeanza kusafiri naye 1820 akiwa mtoto wa miaka 13, na kwenye picha zilizochapwa jina lake halipo, hilo mimi halijawahi kunikaa vizuri. Zile picha 435 za kitabu chake cha ndege wa Marekani, The Birds of America, zilizotoka 1827 hadi 1838, nyingi kazichonga Robert Havell kule London kwenye mabamba ya shaba ya kuchapia, na rangi wakapaka watu kwa mkono moja moja.

Na msimfanye malaika, alimiliki watumwa na ndege kaua wengi mno. Nyie bunduki ya nini, darubini zipo. Ila msinakili picha za simu tu, lenzi ikiwa karibu inakuza pua na kudumaza miguu. Mchoreni mnyama akiwa anatembea, harakaharaka hata kama mistari inapinda, kisha nendeni makumbusho mkalinganishe na mifupa, halafu mchoro mpelekee anayemhudumia mnyama huyo kila siku, siyo rafiki yako wa kukusifia. Na aliyekusaidia hata jani moja, muandike jina.