YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA 2025 NA MATUMIZI YA AKILI MNEMBA

Morogoro, 6 Juni 2025

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Leo tunafunga muhula. Mwanao amebeba ripoti yake ndani ya bahasha iliyofungwa. Ifungue ukiwa naye, na tafadhali usiipige picha ukairusha kwenye kundi la wazazi. Taarifa za mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama zako.

Nianze na furaha. Mliohudhuria Siku ya Taaluma mnajua ninachotaka kusema. Wasichana watatu wa Kidato cha Pili walisimama mbele ya ukumbi uliojaa, wakaiuliza programu ya akili mnemba (AI) swali la shule ya msingi: basi limetoka Morogoro saa mbili asubuhi, safari ya Dodoma ni ya saa nne, litafika saa ngapi? Mashine ikajibu bila kusita: saa sita asubuhi. Watu wakaangua kicheko, mgeni rasmi akiwemo. Wale watoto hawakuishia hapo. Mmoja alichora uso wa saa ubaoni, akaeleza kuwa mashine imelishwa maandishi mengi ya Kiingereza na machache ya Kiswahili, ndiyo maana saa mbili yetu imeigeuza kuwa ile ya Kizungu, ambayo sisi tunaiita saa nane usiku. Akasema haijui jua linachomoza lini, inabashiri tu neno linalofuata. Mwenzake akaiuliza upya, akaifafanulia jinsi Waswahili wanavyohesabu saa, nayo ikajirekebisha: saa sita mchana. Baba wa mmoja wao alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, hakuketi mpaka mwisho. Nina miaka 26 kazini na sijapata kuona somo la kupima ukweli wa chanzo likifundishwa vizuri kuliko lile. Waliofundisha wana miaka 15.

Netiboli tumefika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Tangi jipya la maji limekamilika.

Sasa nije kwenye yaliyoniuma. Kazi ya likizo ya Pasaka kwa Kidato cha Tatu ilikuwa insha ya Historia juu ya Vita vya Majimaji. Insha 14 zilidai kwamba Mkwawa aliwaongoza wapiganaji mwaka 1905. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898. Kinjekitile Ngwale, aliyetoa ile dawa ya maji kule Ngarambe, hakutajwa hata mara moja. Miandiko 14, kalamu 14, kosa lilelile. Na boma la Mahenge lililoshambuliwa Agosti 1905 liko mkoa huu huu. Wapo watoto katika darasa lile ambao wangemuuliza bibi jikoni wangepata insha nzima. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo insha hizo ziliandikwa nyumbani, kwa simu zenu. ChatGPT, programu ya akili mnemba iliyotoka Novemba 2022, inamtaka aliye chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya mzazi. Je, mliombwa? Wote 14 wameandika upya darasani, na walioipinga adhabu hiyo kwa kunipigia simu jibu langu ni lilelile.

Kubwa zaidi ni la Jumanne, 27 Mei. Mwanafunzi wa kutwa alichukua sauti ya Mwalimu wa Taaluma kutoka kwenye video ya Siku ya Taaluma, akaipitisha kwenye programu, ikatoka "mwalimu" akitangaza kwamba shule inafungwa kesho yake kwa kukosa maji. Mtoto aliituma mara moja tu. Waliobaki kuisambaza ni wazazi. Hakuna hata mmoja aliyepiga simu ya ofisi, na namba mnayo. Asubuhi nilikuta watu zaidi ya 30 getini. Bibi mmoja alikuwa ametoka Ifakara kwa nauli ya kukopa, amekaa juu ya mfuko wake, ananiuliza mjukuu yuko wapi. Mwalimu mwenyewe alipigiwa simu mpaka saa saba usiku, wengine wakimtukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto amesimamishwa masomo siku 14 na amemwomba radhi mwalimu mbele ya Bodi. Wazazi waliomtukana bado hawajaomba. Nawasubiri. Na mjue kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa yeyote anayechapisha habari ya uongo huku akijua ni ya uongo, awe na sare ya shule au asiwe nayo.

Ada. Wazazi 41 hawajamaliza ya muhula huu. Mwenye shida ya kweli amekuja ofisini, tumepanga awamu, na sijamrudisha mtoto wake nyumbani. Lakini mwezi Mei mhasibu alipokea risiti mbili za benki zilizochezewa kwenye simu: tarakimu zimebadilishwa, tarehe imebadilishwa, fedha hazijaingia. Moja ililetwa na mtoto mwenyewe, ameshika simu ya mzazi. Nilipomwambia risiti si ya kweli alinyamaza, akaangalia viatu vyake. Alikuwa anajua. Mtoto huyo huyo ni mmoja wa wale 14. Nimwambie nini mimi kuhusu insha ya kughushi? Wazazi wawili hao nawataka ofisini kabla ya shule kufunguliwa, na mtoto asije nao. Kuanzia sasa tunapokea malipo yaliyoonekana kwenye akaunti ya shule tu, picha ya risiti haitoshi.

Akili mnemba hatutaifukuza. Muhula ujao itatumika maabara ya kompyuta, mwalimu akiwepo. UNESCO katika mwongozo wake wa mwaka 2023 imependekeza umri usiopungua miaka 13, nasi tutaufuata. Kila mwanafunzi atakuwa na daftari la rasimu: ataandika alichoiuliza mashine, ilichojibu, na alikokwenda kuhakikisha. Wale wasichana watatu ndio watakaowaelekeza Kidato cha Kwanza. Daftari hilo ni la kurasa 96, linunuliwe pamoja na mengine.

Shule itafunguliwa Jumanne, 8 Julai 2025, siku moja baada ya Sabasaba. Wa bweni wafike kabla ya saa kumi jioni.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule