Vinasaba gani, kama shati limeozea stoo?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kijana wa kubeba majalada, na miaka yote hiyo sijawahi kuwasumbua kwa barua. Ila makala yenu ya Jumapili kuhusu yule mzee wa Japani imeninyima usingizi. Si kwa sababu ya mzee mwenyewe, ni kwa ile aya ya mwisho: eti siku hizi kuna vipimo vya vinasaba, yaani DNA, hivyo adhabu ya kunyongwa iachwe ilivyo, kwani asiye na hatia hawezi tena kufikia kitanzi.

Mwandishi wenu aliisoma kesi au aliishia kwenye kichwa cha habari? Iwao Hakamada, bondia wa zamani, alifanya kazi kiwanda cha miso, ile soya iliyochachushwa ambayo Wajapani hutia kwenye supu. Mwaka 1966 meneja wa kiwanda, mkewe na watoto wao wawili waliuawa. Hakamada akahojiwa siku zipatazo ishirini hadi akakiri. Alipofika mahakamani akakana. Miezi 14 baada ya mauaji, nguo zenye damu zikaibuka ndani ya tangi la miso, na mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Suruali yenyewe, alipopewa aijaribu, haikupita mapajani! Vinasaba vilikuja baadaye sana, na mwaka 2014 vikasaidia kumtoa gerezani. Hapo ndipo mwandishi wenu alipofunga daftari. Hakusema kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Tokyo ilivitilia shaka vipimo hivyo hivyo na kutengua uamuzi wa 2014 wa kesi kusikilizwa upya. Swali lililobeba kesi hadi mwisho lilikuwa la jikoni: damu iliyolowa kwenye miso mwaka mzima inabakije nyekundu? Septemba 2024, akiwa na miaka 88, ndipo mahakama iliposema hana hatia na kwamba ushahidi ulitengenezwa.

Tena mmoja wa majaji watatu wa 1968, Norimichi Kumamoto, alikuja kusema mwaka 2007 kwamba yeye aliamini mshtakiwa hana hatia, wenzake wakamzidi kura, na bado yeye ndiye aliyeandika hukumu. Nilipofika hapo nikatafuta kalamu. Maana na mimi niliwahi kuandika.

Nilikuwa karani wa mahakama, mji sitautaja. Tulikuwa na kesi ya mauaji, mshtakiwa kijana wa machungani, mahabusu mwaka wa nne. Ushahidi mkubwa ulikuwa shati lenye damu lililodaiwa kuwa lake. Wakili wa utetezi akaomba shati lipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ijulikane damu ni ya nani na jasho la kwenye kola ni la nani. Nikatumwa stoo. Mhariri, uliwahi kuingia stoo ya vielelezo? Baiskeli, mapanga, magunia ya bangi, madumu ya gongo yaliyokwisha kukauka kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kuieleza. Shati nililikuta ndani ya mfuko wa rambo, limefungwa fundo likiwa bado bichi siku ile ya kwanza, miaka minne halijawahi kuona hewa. Nilipofungua lilinikatikia mkononi. Ukungu mweusi, mayai ya mende, na lebo panya wamekula, imebaki tarakimu mbili za namba ya kesi. Nikarudi kwa mkubwa wangu, naye hakuinua hata uso: "Andika kielelezo kimeharibika." Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri ule ule niliosifiwa nao shuleni. Kesi ikaendelea kwa mashahidi wawili walioona kwa mwanga wa mbalamwezi. Siku ya hukumu nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya jaji yanaposomwa yale maneno, kunyongwa hadi kufa, na jaji mwenyewe hakuwa na adhabu nyingine ya kuchagua, kwa sababu sheria ya kuua kwa kukusudia haikumwachia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishasema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivyo ni kuvunja haki. Najua mtaniambia hatujanyonga mtu tangu miaka ya 1990. Kamwambieni anayelala akisikiliza nyayo koridoni.

Marekani, Kirk Bloodsworth alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa mashahidi watano waliosema wamemwona. Aliachiwa mwaka 1993 kwa sababu nguo ya mtoto aliyeuawa ilikuwa bado ipo, ikapimwa vinasaba. Ingetiwa kwenye rambo?

Na nyinyi magazeti mna lenu. Neno vinasaba kwenu ni habari ya mwanamume aliyegundua mtoto si wake. Kila wiki, ukurasa mzima, na picha ya mfano ya mama ameinamisha kichwa. Mtoto wa watu anakwenda shule Jumatatu akichekwa. Mkemia huyo huyo, mashine hizo hizo, ila nafasi ya kuuliza ni majalada mangapi ya mauaji yana kielelezo kinachopimika hamjaipata.

Pendekezo langu ni la bei rahisi, na msilicheke. Nguo yenye damu ikaushwe kivulini, ifungwe kwenye bahasha ya kaki, ile kubwa, kila nguo na ya kwake, iandikwe kwa penseli maana wino hukimbia. Ndoo za plastiki zenye mfuniko kwa ajili ya mapanga. Na paka mmoja kwa kila stoo. Hilo la paka niliwahi kuliandikia barua rasmi kabla sijastaafu, nikajibiwa kwamba chakula cha paka hakina kasma.

Karani mstaafu,
Morogoro