Vijana wanaoongeza modi kwenye magemu wafundishwe viraka mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini ambalo linawakatisha tamaa mapema mno vijana wanaojifunza kompyuta hapa Tanga. Ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako huandika kuhusu simu mpya, utapeli wa mitandaoni na magemu yanayotamba, nami huusoma kila unapotoka. Ila sijaona humo maelezo ya kumsaidia kijana anayetaka kulibadilisha gemu mwenyewe kwa kuliongezea modi, yaani nyongeza zinazotungwa na wachezaji wenyewe, na hasa namna ya kuzipatanisha modi mbili zinazogombea kitu kimoja. Mimi ni fundi wa kompyuta Ngamiani. Vijana wanaoniletea mashine wakisema gemu limeharibika ni wengi, na mara nyingi gemu lenyewe ni zima kabisa, ila hakuna aliyewaeleza viraka ni nini na vinafanyaje kazi.

Nitatoa mfano wa Skyrim, kwa kuwa wengi wa vijana hao huanzia hapo. Kampuni ya Bethesda ilitoa gemu hilo tarehe 11 Novemba 2011, na mwaka uliofuata ikatoa Creation Kit, programu ya kulihariri, hivyo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakilitungia modi hadi leo. Modi nyingi huja na plagini, yaani faili lenye rekodi. Kila mtu aliyemo katika gemu, kila upanga na kila chumba kina rekodi yake yenye namba ya utambulisho. Modi inapotaka kubadilisha kitu ambacho tayari kimo, hubeba nakala nzima ya rekodi ya kitu hicho, pamoja na yale yote ambayo mtunzi wake hakukusudia kuyagusa. Gemu linapowashwa husoma plagini moja baada ya nyingine, na kwa kila rekodi, plagini iliyosomwa mwisho ndiyo inayosikilizwa. Ni kama daftari la mikopo la duka, ambalo watu wawili wamenakili ukurasa wake mmoja, kila mmoja akarekebisha mstari wake nyumbani, kisha wakarudi kubandika nakala zao palepale: wa aliyebandika mwisho ndio utakaosomwa, na masahihisho ya mwenzake yatakuwa yamefunikwa ingawa hawakugombana.

Mchukue Hulda, mwenye nyumba ya wageni ya Bannered Mare katika mji wa Whiterun. Rekodi yake moja imebeba jina, sura, nywele, nguo, vitu alivyo navyo, makundi aliyomo na ratiba ya shughuli zake. Kijana akisakinisha modi moja ya kuwapa watu sura nzuri zaidi na nyingine ya kuwapa ratiba mpya, zote mbili zitakuwa na nakala ya rekodi hiyo. Modi ya ratiba ikisomwa mwisho, Hulda atafuata ratiba mpya, lakini maelezo ya sura yatarudi kuwa yale ya zamani. Na kwa kuwa umbo la uso wake na rangi yake vimehifadhiwa katika mafaili mengine nje ya plagini, ambayo bado ni ya modi ya sura, rekodi inasema hivi na faili la uso linasema vile. Matokeo yake ni uso uliopauka au kugeuka mweusi tofauti kabisa na shingo, jambo ambalo kila aliyewahi kuchezea modi za sura amelikuta. Akigeuza mpangilio, uso utapona, na Hulda atarudia ratiba yake ya zamani. Hakuna namna ya kuzipanga plagini hizo mbili itakayompa kijana vyote viwili.

Hapo ndipo kiraka kinapohitajika. Ni faili dogo la tatu, linalosomwa baada ya yale mawili, likiwa na rekodi ya Hulda ambamo sura imechukuliwa kutoka modi ya kwanza na ratiba kutoka modi ya pili. Kulitengeneza si kazi ya wataalamu peke yao. Kijana anafungua plagini zake katika SSEEdit, programu ya kusoma na kuhariri rekodi za plagini, anaitafuta rekodi ya Hulda, na upande wa kulia wa skrini anaiona imepangwa kwa safu wima: ya kushoto kabisa ni ya gemu lenyewe, zinazofuata ni za modi kwa mpangilio wa kusomwa, na ya kulia kabisa ndiyo inayoshinda. Anainakili rekodi inayoshinda kwenye faili jipya, kisha kwa kipanya anaiburuta mistari ya sura kutoka safu ya modi ya kwanza na kuidondosha katika safu ya faili lake. Programu itamwomba ruhusa ya kuandika kwamba faili hilo jipya linategemea zile plagini mbili, naye atakubali, atahifadhi, atafunga. Aliyeonyeshwa vizuri mara moja huimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na nimewaona vijana wa kidato cha pili wakiifanya kwa umakini ambao wazazi wao wangependa kuuona katika daftari za hesabu.

Ushauri wanaopeana wenyewe kwa wenyewe, kwa bahati mbaya, huishia kwenye LOOT. Hiyo ni programu nzuri ya kupanga plagini, nami huwahimiza waitumie, maana inajua ipi inapaswa kusomwa kabla ya ipi na hutoa maonyo yenye manufaa. Lakini LOOT haiunganishi rekodi. Kijana anapoambiwa "bonyeza kitufe cha kupanga, mambo yatakaa sawa", anaaminishwa kwamba mpangilio na upatanisho ni kitu kimoja, na siku Hulda atakapotokea na uso wa ajabu hatajua aanzie wapi. Wrye Bash, programu nyingine, nayo ina kazi yake maalumu: inaweza kuunganisha orodha za vitu vinavyotokea kwa bahati nasibu katika masanduku na kwa maadui, ili modi tatu za silaha zote zipate nafasi. Haitamwamulia kijana sura ya Hulda iwe ipi.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya wanaoanza kutumia Mod Organizer 2, programu ya kusakinisha na kusimamia modi. Programu hiyo ina orodha mbili. Ile ya kushoto huamua mafaili ya kawaida, kama picha na maumbo, yachukuliwe kutoka modi ipi pale majina yanapofanana. Ile ya kulia huamua plagini zisomwe kwa utaratibu gani. Kuhamisha modi katika orodha ya kushoto hakubadilishi zamu ya plagini yake upande wa kulia. Modi ya sura inapaswa kushinda katika orodha zote mbili, au iwe na kiraka upande wa plagini, vinginevyo tatizo la uso litabaki palepale.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Makorora aliniletea kompyuta mpakato ya mtumba ambayo Skyrim ilikuwa ikijizima kabla hata menyu haijatokea. Alikuwa amepewa kwenye flashi folda nzima ya viraka vya modi moja ya miji, naye akavisakinisha vyote, kwa kuwa aliambiwa kwamba viraka vingi huleta usalama zaidi. Tulipoifungua orodha, alama za onyo zilikuwa zimejipanga kutoka juu mpaka chini. Kila kiraka kilikuwa kikidai modi ambayo yeye hakuwa nayo, kwa sababu kiraka hutegemea modi zote mbili kinazozipatanisha, na moja ikikosekana gemu linaweza kushindwa kuwaka. Tuliondoa visivyomhusu, tukaacha vile tu ambavyo modi zake zote mbili zilikuwepo, na gemu likawaka. Kijana huyo aliondoka na kanuni moja ambayo ningependa kila anayeanza aijue: kiraka husakinishwa na mwenye modi zote mbili, na asiye nazo hakimhusu.

Suala la flashi linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo linalotutofautisha na wale ambao maelezo mengi ya modi huandikwa kwa ajili yao. Bando ni ghali, kwa hiyo mmoja hupakua na wengine hunakili. Faili husafiri kutoka Chumbageni hadi Mabawa, lakini ukurasa wa mtunzi wake, wenye sehemu ya mahitaji, namba ya toleo na masharti ya kusambaza, haupandi kwenye flashi. Anayepokea anakuta faili lenye jina lisiloeleza chochote. Watunzi wengi wamefanya kazi hiyo bure kwa miaka, na masharti yao kuhusu nani asambaze kazi zao yanapaswa kusomwa na kuheshimiwa. Mahali ambapo wanaruhusu, anayenakili aambatishe na maelezo ya ukurasa huo katika faili la maandishi, akitaja toleo la modi na toleo la gemu.

Nasisitiza matoleo kwa sababu kiraka ni nakala ya rekodi jinsi zilivyokuwa siku kilipotengenezwa. Tuseme mtunzi wa modi ya silaha ametoa toleo jipya na kurekebisha uzito wa upanga fulani, na kijana bado ana kiraka cha zamani chenye rekodi ya upanga huohuo. Kiraka husomwa mwisho, kwa hiyo uzito wa zamani utarudi, na kijana atamlaumu mtunzi kwamba masahihisho yake hayafanyi kazi. Kila modi inaposasishwa, kiraka chake nacho kikaguliwe. Gemu lenyewe pia hubadilika: sasisho la tarehe 11 Novemba 2021, lililokuja pamoja na Anniversary Edition, liliziacha modi nyingi zinazotegemea SKSE, programu ya ziada inayozipa modi uwezo ambao gemu lenyewe halina, zikiwa hazifanyi kazi mpaka watunzi walipozitengeneza upya, na sasisho la Desemba 2023 liliongeza idadi ya rekodi mpya ambazo plagini nyepesi, yaani ile isiyochukua nafasi ya plagini za kawaida, inaweza kubeba, kutoka 2048 hadi 4096, jambo linaloweza kumletea matatizo mwenye gemu la toleo la nyuma anapopewa plagini iliyotumia nafasi hiyo mpya. Mwenye modi zilizokwisha kukaa vizuri aichagulie Steam, programu ya kununulia na kuwashia magemu, isilisasishe gemu hilo mpaka litakapowashwa kupitia humo.

Plagini hizo nyepesi ni habari njema kwa wanaotengeneza viraka. Gemu hupokea plagini za kawaida 254 tu, lakini nyepesi hufika 4096, na kiraka ambacho hakiongezi rekodi mpya kinaweza kuwekewa alama ya wepesi katika SSEEdit bila madhara. Skyrim ya awali, ile ya 2011, haizitambui.

Ningependa pia vijana waambiwe kwamba rangi nyekundu katika SSEEdit isiwatishe. Nyekundu inaonyesha kwamba plagini zinasema mambo tofauti kuhusu rekodi moja, na mara nyingine tofauti hiyo ndiyo iliyokusudiwa: modi ya taa inapobadili mwanga wa chumba, rangi hiyo itatokea, na ni sawa. Kinachotakiwa ni kusoma mstari kwa mstari na kujiuliza ni kitu gani kilichofunikwa ambacho mwenye gemu bado anakitaka. Kijana mwenye modi kumi anaweza kufanya hivyo kwa utulivu. Mwenye mia mbili alizozimimina kwa mkupuo hawezi, na ndiyo maana siwaungi mkono wanaowapa wageni wa kazi hii orodha kubwa zilizopangwa tayari, zenye kula bando la mwezi mzima, kabla hawajajua hata rekodi ni nini.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba ukurasa wenu wa teknolojia utenge nafasi kwa jambo hili, kwa Kiswahili kinachosomeka na picha ya safu za SSEEdit ikiwa kubwa kiasi cha kuonekana vizuri gazetini. Lisijazwe yote katika toleo moja. Mngeanza na namna ya kusoma sehemu ya mahitaji kabla ya kupakua, kwa kuwa hapo ndipo bando la kijana linapookolewa. Kisha mfuatishe mfano mmoja wa rekodi iliyogongana na kiraka chake, hatua kwa hatua. Na mwisho muwaeleze kuhusu kutochomoa modi yenye skripti, yaani maagizo ambayo gemu huyatekeleza, katikati ya safari iliyokwisha kuhifadhiwa, kwa sababu mabaki ya skripti hizo hubaki ndani ya faili la hifadhi hata modi ikiondoka. Maelezo ya sehemu ya kwanza nimekwisha kuyaandika kwa mkono kwa ajili ya wanaokuja kwangu, na nitayaleta ofisini kwenu mkiyahitaji, bila malipo yoyote.

Msomaji wenu,
Fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga