Barua ya wazi kwa vijana wa maabara wanaoomba vyuo

Mwangaluka, wanangu.

Msimu wa maombi ukifika, kibaraza changu hapa Nyegezi hugeuka ofisi. Mnakuja na barua zenu za kuomba uzamili au udaktari, Uingereza, Marekani na kwingineko, mkitaka mzee azipitie. Safari hii nimesoma nne. Tatu zilinitia hofu, moja ilinitia usingizi, zote kwa sababu ya siri za utafiti.

Nianze na moja ya zile za hofu. Kijana alieleza utafiti wa kichocho. Akataja kisiwa, akataja shule, kisha akamtaja mwalimu mkuu aliyekutwa na mayai mengi ya minyoo ya kichocho kuliko washiriki wote. Jina hakuandika, na hapo akajiona amemaliza kazi ya kutunza siri. Mwanangu, kisiwa kile kina shule moja, na shule moja ina mwalimu mkuu mmoja. Usijidanganye kwamba msomaji yuko mbali. Watoto wa visiwa vya Ukerewe wamejaa hivyo vyuo mnavyoviomba.

Siwacheki. Zamani, ndani ya kivuko cha kwenda Sengerema, nilimsimulia rafiki habari za mgonjwa mmoja wa mradi wetu, bila jina. Mama aliyekaa nyuma yangu akaniinamia, akasema taratibu, "Huyo ni shemeji yangu." Ziwa lilikuwa pale pale na nilitamani linimeze.

Barua ya usingizi ilikuwa na aya nzima ya kusema mwandishi alishiriki utafiti muhimu ambao hawezi kuueleza kwa sababu ya usiri. Sasa huyo msomaji atajuaje kama hukuwa mchemsha chai?

Kazi ya mikono yako si siri. Kato-Katz, ile njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi, iko vitabuni: kibao hupima miligramu 41.7 za kinyesi, unahesabu mayai, unazidisha kwa 24 upate idadi kwa gramu. Basi andika ulivyokuwa ukiwahi slaidi za safura kabla mayai hayajafifia yasionekane. Andika kwamba mwenzako alirudia kusoma slaidi moja katika kila kumi bila kuziona namba zako, na siku mlipotofautiana mlifanyaje. Hapo ndipo anaonekana mtafiti, na hakuna mshiriki hata mmoja aliyeguswa. Kijiji kiite "jamii ya wavuvi kando ya Ziwa Victoria". Inatosha kabisa.

Matokeo ambayo hayajachapishwa yaacheni, hata ile asilimia moja tamu inayowawasha vidole. Kama ni jaribio la dawa, habari za nani alipata dawa na nani alipata ya bandia hazitoki. Na taarifa za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, si na huruma yako tu.

Ukikwama, tazama kama jaribio lenu liko kwenye sajili ya wazi ya majaribio ya tiba, maana mengi husajiliwa. Kilichoandikwa pale kimeshatoka. Tumia maneno yale yale, usiongeze chumvi. Kisha mpelekee mtafiti mkuu aya yenyewe. Usimuulize tu "naruhusiwa kuandika?", atasema ndiyo akikimbilia kikao, halafu lawama zitakurudia wewe. Mpe aya, asome, ajibu kwa maandishi. Na kama yeye ndiye mdhamini wako anayekuandikia barua chuoni, itasaidia zaidi: barua yake na yako hazitagongana.

Kwenye mahojiano watawabana. Sema, "Matokeo hayajatoka, lakini naweza kueleza tulivyopima," kisha eleza kweli, kwa raha, kama mtu anayeipenda kazi yake. Wengine huuliza makusudi waone kama una kifua. Daktari asiye na kifua nani atamvulia shati?

Jumamosi nipo, kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na karatasi, simu siisomi tena, macho yamechoka. Na kabla hujanipa hiyo karatasi, jina la kijiji lifute kwanza. Mimi fomu ya usiri ya mradi wenu sikuisaini.

Mzee wenu,
fundi sanifu maabara mstaafu, Nyegezi